Nyuma ya Jeneza

Mshale wa joto la injini ulianza kupanda pale gari la André lilipoufikia msafara wa maziko, katikati ya msitu wa Mantapala, mahali ambapo barabara ni nyembamba na mchanga wake mwekundu. Mbele kabisa lilikwenda lori lililobeba jeneza na wanawake waliokuwa wakiimba. Nyuma yake zikafuata baiskeli, pikipiki na magari mawili, vyote kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Nyuma ya wote alikuwa André, na mkewe Pierrette amelala kiti cha nyuma, mimba ya miezi minane, homa ikimtetemesha tangu alfajiri.

"Papa Reine, piga honi," Pierrette alisema. Reine alikuwa binti yao wa kwanza. "Batatupisha."

"Hapana, mama. Bantu ba huku habapitake kilio."

Hilo ni kweli. Pande hizi za Luapula ukikutana na msiba barabarani unasimama, na ukiukuta mbele yako unafuata. Hata mlevi analijua. André, mkimbizi aliyevuka Ziwa Mweru kwa mtumbwi, akapokewa katika kambi ya Kenani kabla ya kupewa makazi Mantapala, alizishika adabu za wenyeji kuliko wenyeji wenyewe. Lakini adabu nyingine mtu huzishika kwa kuwa ni rahisi kuliko kushuka garini, kumwendea mfiwa na kusema: mke wangu ni mgonjwa sana, nipisheni. Nani angemkatalia? André hakushuka.

Mvua za kwanza zilikuwa zimekuja mwezi uliopita, zikaleta inswa, wale kumbikumbi wanene ambao kila nyumba huwakaanga, halafu zikakatika. Sasa jua lilikuwa kali na vijito vilikuwa vikavu. Ndani ya gari hewa ilinuka mafuta ya moto. Feni ya injini ilinguruma bila kupumzika, na bado mshale ulipanda. Pierrette alikuwa ameacha kutetemeka, sasa ngozi yake ilikuwa kavu na midomo imepasuka.

Hatimaye msafara ukakata kushoto kuelekea makaburini. André akakanyaga mafuta. Upepo ukaingia, mshale ukashuka kidogo, naye akaanza kupiga mluzi kama mtu aliyesamehewa. Kisha wakafika kwenye mlima wa mchanga, gari likalegea, mshale ukaruka hadi mwisho na mvuke ukatoka kwa kishindo. Injini ikazima.

Hapakuwa na nyumba wala mtu. Simu haikuwa na mtandao. Nchelenge, penye hospitali, palikuwa mbali kwa miguu hata kwa mtu mzima wa afya.

André alikuwa dereva wa malori kule Pweto na injini alizijua. Lakini haraka haina baraka: alifungua kifuniko cha rejeta kabla hakijapoa, maji yanayochemka yakamrukia mkono wa kulia, ngozi ikavimba palepale. Aliuma meno, akafunga kidonda kwa kitambaa cha kichwa cha mkewe. Kisha akakagua. Mipira ya maji haikutoboka. Feni ilikuwa imezunguka muda wote. Maji hayakuchanganyika na mafuta. Hakuna kilichovunjika.

Walikuwa na kidumu kimoja kidogo cha maji ya kunywa. Alimwinua Pierrette, akamnywesha mafunda machache, kisha akabaki amekishika, akimtazama yeye, akiitazama rejeta.

"Pea motokari," Pierrette alisema. "Mi nikikunywa yote, nitafika na nini?"

Akayamimina yote. Gari likawaka, likapanda mlima likikohoa, na mbele kidogo, kwenye mchanga mzito, likachemka tena.

Pierrette alifumba macho. Alikuwa mchuuzi wa samaki wadogo katika soko la Kashikishi, na kila safari alikaa kiti cha mbele akiutazama mshale ule.

"Sikia, Papa Reine. Tukienda mbio, inapoa. Tukitembea polepole, inachemuka. Mu soko kule, kama bantu ni bengi, ni vile vile. Iko kitu inaziba upepo. Angalia pale mbele."

André hakutazama mbele. Alitazama miti.

Maana alikwisha kujua. Usiku wa inswa wadudu walikuwa wakifunika taa za gari na kujaa ndani ya rejeta, na madereva wengi wa njia ile hufunga kipande cha wavu mbele ya injini kuwazuia. André hakuwa na wavu. Alichokuwa nacho ni chandarua cha Pierrette, kile alichopewa kliniki kwa ajili ya mimba. Alikikunja mara nne, akakifunga nyuma ya grili, akisema moyoni atakirudisha. Pierrette alipokitafuta, akamwambia kimeibiwa kwenye kamba ya nguo, na akaongeza, bila kuulizwa, kwamba alimwona jirani yao Jeanine akipitapita. Tangu siku hiyo Pierrette hakumsalimu Jeanine. Tangu siku hiyo pia alilala bila chandarua, katika msimu wa mbu, na tumbo lake.

Kazi ya kukitoa ilikuwa ndogo: kisu, kamba, basi. Lakini kukitoa ni kukionyesha. Mficha maradhi, kilio humfichua. Wazee walisema, na André alikuwa ameusikia msemo huo maisha yake yote.

"Ni mayi tu inapunguka," alisema. "Naenda kutafuta."

Akachukua kidumu na sahani ya chuma inayofunika gurudumu, akakimbia msituni. Alipita miti iliyokauka, miiba ikimchana miguu, hadi akafika kwenye bonde la nyasi ambalo masika hugeuka kinamasi. Ardhi ilikuwa imepasuka. Akapiga magoti, akachimba kwa sahani ile, mkono uliobabuka ukimtoa machozi. Udongo mkavu, udongo mweusi, kisha unyevu, kisha maji ya tope yakaanza kujikusanya taratibu mno. Alichota kwa kikombe cha kiganja, akayachuja kwa shati. Alilia kwa sauti, akamwomba Mungu amfiche mara hii moja tu.

Aliporudi, mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Pierrette alikuwa ameketi mchangani mbele ya gari, miguu ameinyoosha, boneti iko juu. Mapajani alikuwa na chandarua, pindo lake la bluu aliloshona mwenyewe likionekana, na katikati yake kimegandamana na mabawa ya inswa, vumbi na mafuta, kizito kama mkeka. Kamba alikuwa ameikata kwa meno. Midomo ilikuwa na damu.

"Ulisema ni Jeanine."

André aliweka kidumu mchangani.

"Leo asubuhi alikuja kumubeba Reine, akamupikia uji. Sikumwambia hata asante." Akashika tumbo, akainama, akangoja maumivu yapite. "Tia mayi. Twende."

Injini iliwaka. Walikwenda haraka, walikwenda polepole kwenye mashimo, walisimama kwa ng'ombe waliokatiza njia, na mshale ulikaa katikati, haukutikisika. Gari lilikuwa zima. Siku zote lilikuwa zima. André alitamani lichemke.

Ziwa lilipotokea mbele, jeupe kwa jua, Pierrette hakuinua kichwa kulitazama.

Muuguzi aliyetoka kumwona baadaye pale hospitali, binti wa hapohapo aitwaye Mwaka, alizungumza Kiswahili chake cha sokoni. "Mama iko muzima, papa. Mutoto, hapana."

"Kama tulifika mapema kidogo?" André aliuliza.

Mwaka alimtazama mkono, akasema uoshwe, akaenda kuleta dawa.

Walirudi Mantapala na kisanduku kidogo. Jeanine alikuwa amekuja hospitali kuwasindikiza, akakaa nyuma na Pierrette, kisanduku juu ya mapaja yao wote wawili. André aliendesha taratibu, tawi la msiba limefungwa kwenye gari, kama inavyopasa. Baada ya muda akatazama kwenye kioo. Nyuma yake palikuwa na lori la mkaa, basi dogo la wachuuzi na pikipiki, vyote vimewasha taa, vikifuata kwa heshima.

Akasimama. Akashuka, akawapungia kwa mkono uliofungwa bandeji.

"Piteni! Munangoja nini? Piteni!"

Dereva wa lori alivua kofia. "Hapana, papa. Ni kilio. Tutafuata."

"Pengine iko mugonjwa mule ndani ya basi! Uliza! Uliulizako hata mutu moja?" Dereva alibaki ameshika kofia, hajui la kufanya.

Kioo cha nyuma kikashuka. Tangu msituni Pierrette hakuwa amemsemesha mumewe, na sasa pia hakumtazama. Alimtazama dereva.

"Pita, ndugu. Wetu hana haraka."

Lori likapita polepole, basi likapita, pikipiki ikapita. André aliporudi kwenye usukani, kioo kilikuwa kimekwisha pandishwa.