Muulizeni Jina Langu

Jamani, sogeeni niwaambie, maana haya yametokea mchana kweupe. Asubuhi hiyo fundi cherehani mmoja alikuwa anakunywa chai na kaka yake seremala, wanataniana na kucheka. Mara kaka akasimulia kwamba jana, pale stendi, alimwona mwanamume akimburuta mwanamke anayelia.

"Ukafanya nini?" dada mtu akauliza.

"Alisema ni mkewe. Mambo ya mke na mume yana wenyewe, mdogo wangu."

Chai ikamshinda binti wa watu.

Saa tisa alikuwa anavuka soko na furushi la sare za shule. Mkono ukamdaka. Mwanamume asiyemjua, shati limepigwa pasi vizuri. "Twende nyumbani! Watoto wanalia, wewe unazurura!"

"Niache! Jamani, simjui huyu!"

"Mke wangu, ana hasira tu," jamaa akasema akitabasamu. Basi watu wakampisha! Mzee mmoja hata akamwambia binti, "Nenda mama, mkayamalize ndani."

Mbele kulikuwa na gari, mlango wazi. Hapo akamkumbuka yule mwanamke wa stendi, akaelewa alikuwa analilia nini.

Akapiga kelele: "Muulizeni jina langu! Kama ni mkewe, muulizeni naitwa nani!"

Muuza ndoo mmoja akainuka, mikono kiunoni. "Haya, baba watoto. Mkeo anaitwa nani?"

"Ma... mama watoto."

"Ehee! Na watoto nao hawana majina?"

Jamaa akageuza macho kwenye gari. Fundi akamkanyaga kwa kisigino kwa nguvu zote, akauvuta mkono wake upande wa kidole gumba cha jamaa, ukachomoka. Akakimbilia nyuma ya ndoo. Jamaa akarukia garini, gari likatimua vumbi.

Jioni kaka aliona alama za vidole kwenye mkono wa dada yake. Akalia, mtu mzima yule. "Yule wa jana sikumuuliza hata jina."

Kesho yake alikwenda stendi kuulizia. Hakuna aliyemjua yule mwanamke, mpaka leo.

FUNZO

Dada zangu, mkishikwa msione haya. Pigeni kelele, semeni hamumjui, takeni aulizwe jina. Nanyi mnaopita, neno "mke wangu" lisiwafunge midomo. Na hata awe mkewe kweli, mke haburutwi. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumpisha.