Tungule Hazipangwi Kama Magunia

Kila alfajiri, baada ya sala, Mjaka alikunywa chai ya rangi kwa muhogo wa kuchemsha. Halafu anapanda baiskeli yake, huyoo! Kutoka Kiembe Samaki mpaka bandarini Malindi, mjini Unguja.

Kazi yake kupakia mizigo. Na alikuwa akiijua, usiseme! Mpe magunia, mpe masanduku, mpe na kitanda cha mtu juu yake. Vyote atavitia ndani ya chombo, na havitacheza.

"Mie sipendi kuona tundu tupu," alikuwa akisema.

Siku moja gunia la saruji likateleza, likampiga kiunoni. Alilala hospitali, akatoka anatembea kwa bakora. Daktari akamwambia, "Kubeba mizigo basi tena."

Basi! Kazi imekwisha. Nyumbani ana mke, Mwanamwema, na mtoto wao mmoja, Wanu, aliyekuwa ndio kwanza anaanza skuli. Watakula nini?

Walikuwa na eka tatu nyuma ya nyumba, walizogaiwa baada ya Mapinduzi. Muhogo kidogo, magugu mengi. Mwanamwema akasema, "Baba Wanu, tulime. Tungule zinauzika. Sokoni Marikiti watu wanazigombania."

Wakalima kipande cha tungule, ndizo nyanya kwa wengine, mke anapiga jembe, mume anapanda. Ilikuwa masika, mvua inamwagika. Mjaka akapanda kama anavyopakia. Mche hapa, mche hapa, mche hapa! Akiona mwanya, anachomeka mche mwengine.

"Hizo hazijabanana sana?" Mwanamwema akauliza.

"Niachie mie. Kupanga vitu ndio kazi yangu."

Mitungule ikaota. Ikawa kijani, imeshonana, hata kuku hapiti. Mjaka anakaa kibarazani anaitazama, anacheka peke yake.

Halafu mvua ikazidi. Majani ya chini yakapata madoa meusi. Madoa yakapanda juu. Tungule zikatoka ndogo ndogo, zikaoza kabla ya kuiva. Asubuhi ukipita pale, harufu tu.

Wakati huo huo akaja Mwatima, dada yake Mjaka, kutoka Dar es Salaam. Kaja kumtazama mgonjwa. Mwatima hakujaaliwa mtoto, naye alikuwa akimpenda Wanu kweli kweli. Akaona chungu cha muhogo mkavu, mchana na usiku. Akaona shamba linanuka.

"Kaka, nipe Wanu," akasema kwa upole. "Kwangu atakula vizuri na atasoma. Simchukui leo. Ntarudi kabla ya vuli. Mambo yakiwa hivi hivi, nimchukue."

Mjaka akainamisha kichwa. "Haya," akasema. Dada hakukosea.

Mwatima alipoondoka, Mwanamwema hakulia. Alichukua ukili wa ukindu uliosukwa, akaanza kushona mkoba wa kutilia nguo za Wanu. Alishona, akafumua, akashona tena.

"Mama, mbona mkoba wenyewe hauishi?" Wanu akauliza.

"Haujakaa sawa, mwanangu."

Siku ya pili yake, mtu akapiga hodi upande wa shamba. Alikuwa Bi Kazija, jirani yao mpya, mtu wa Makunduchi. Mwenyewe mkulima, mbogamboga zake zinakwenda marikiti kila wiki. Na mdomo anao!

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, Mjaka. Hapa umepanda tungule au umejenga ukuta?"

Mwanamwema akacheka mpaka jembe likamponyoka. Mjaka hakucheka.

"Bi Kazija, usinitie dhihaka. Mtoto wangu atachukuliwa kwa sababu ya hizi tungule."

Bi Kazija akaacha mzaha. Akaingia shambani, akachutama, akapenua majani kwa mkono.

"Njoo. Tia mkono wako humu ndani. Unasikia nini?"

"Maji maji. Na joto."

"Haya. Wewe si mtu wa bandari ya Malindi? Magunia ya vitunguu munayapangaje chomboni?"

"Vitunguu?" Mjaka akatoa macho, kama kaulizwa na mtoto. "Vitunguu havipangwi kama saruji, Bi Kazija! Unaacha njia ya upepo. Ukivibana vinapata joto, vinatoa maji. Safari haijesha, vyote vishaoza..."

Akakwama hapo hapo. Akaitazama mitungule yake. Akamtazama Bi Kazija.

"Lahaula!" akasema. "Nimepakia saruji."

"Ndio hivyo," Bi Kazija akasema. "Mmea unavuta pumzi. Ukiloa, utakaushwa na nini kama upepo haupiti? Na huko chini mizizi inanyang'anyana chakula. Umepanda mingi, hakuna ulioshiba."

"Kwa hiyo nipunguze?"

"Hii ishaugua. Ing'oe, uichome moto, isije ikaambukiza mimea myengine. Na kosa la pili ni wakati. Masika ya Unguja si ya tungule. Mvua kama hii, panda majimbi, yanapenda maji. Tungule zinataka kipupwe, mvua imepungua na jua halijawa kali. Mbegu tia kitaluni masika yakianza kuisha."

"Si ndio sasa?" Mwanamwema akauliza.

"Ndio sasa. Nyanyuka, mwanangu, tukate makuti!"

Wakatengeneza kitalu, kijituta kidogo cha kuoteshea miche. Juu wakaezeka makuti, jua na mvua visiipige miche michanga. Miche ilipofika shibiri moja, wakaihamisha. Si pale palipooza. Upande mwengine kabisa, maana ugonjwa hubaki kwenye udongo.

Bi Kazija akanyoosha mkono wake, kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole.

"Hii dhiraa. Mche mpaka mche, dhiraa moja. Mstari mpaka mstari, dhiraa mbili."

Mjaka alipomaliza mstari wa kwanza, moyo ukamuuma. Shamba zima kama kichwa chenye mapengo! Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akachukua mche mmoja, anataka kuuchomeka katikati.

"Baba Wanu!" Mwanamwema akaita.

"Naam?"

"Nakuona!"

"Nilikuwa naupumzisha tu."

"Kaupumzishe dhiraa moja mbele!"

Wakatandika majani makavu na makumbi ya nazi chini ya miche, udongo usikauke upesi. Wakamwagilia asubuhi, tena kwenye shina, si juu ya majani. Mitungule ilipotanuka, wakaisimamishia vijiti, wakaifunga kwa kamba za makumbi. Majani yanayogusa udongo wakayakata.

Na yale mapengo yaliyomuuma Mjaka? Wallahi yalijaa yenyewe! Kila mtungule ukapata mahali pa kutandaa. Upepo unapita kati, majani yanatikisika. Tungule zikatoka kubwa, nyekundu, zinang'aa. Mitungule ilikuwa michache kuliko ile ya mwanzo, lakini mapakacha, vikapu vyao vya makuti, yalijaa.

Gari la ng'ombe la Bi Kazija likabeba tungule zao pamoja na zake. Marikiti zikaisha kabla ya adhuhuri. Wiki ya pili vile vile. Chungu cha nyumbani kikapata samaki, kikapata na wali.

Vuli haijaanza, Mwatima akarudi. Alisimama mlangoni. Wanu alikuwa amekaa chini anakula wali, tungule mbivu mkononi, maji yake yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Mwatima akamtazama. Halafu akazunguka nyuma ya nyumba, akaliona shamba. Akarudi, akakaa mkekani.

"Kaka," akasema, "mie nilikuwa nataka ale na asome. Naona anakula. Skuli anakwenda?"

"Kila siku," Mjaka akajibu.

"Basi akae kwao. Ila likizo mniletee, nami nifurahi."

Mwanamwema akainuka, akaingia ndani. Akatoka na ule mkoba. Umekwisha, umekaa sawa sawa. Akaenda nao shambani, na wote wakamfuata.

"Wifi, mkoba huu nilimshonea Wanu kwa safari ya kwako. Hutoondoka nao mtupu."

Mjaka akaupokea, akaanza kuutia tungule. Akatandika majani makavu ya mgomba chini, akapanga tungule, akatandika majani tena. Alipofika juu, mkono wa zamani ukamwasha. Akachukua tungule nyengine, anaisukuma katikati ya mbili.

"Baba!" Wanu akapiga ukelele. "Usizibane!"

Wote wakaangua kicheko. Mjaka akaitoa ile tungule, akampa Wanu mkononi.

Jioni Mwatima akaondoka na mkoba begani. Wanu akamsindikiza mpaka barabarani, akampungia mkono, akarudi nyumbani mbio.