Shali Nyekundu ya Eufemia

Mfuko wa plastiki ulikuwa na ukungu kwa ndani. Mbula alitia kitambaa humo na kuufunga mwenyewe asubuhi, akaukamua hewa yote, akaulaza kwenye friza kama alivyofundishwa. Sasa ilikuwa alasiri na mfuko umevimba, na ukungu ule unatanda na kufifia, unatanda na kufifia, kama kioo kinachopumuliwa.

Akajiambia ni unyevu. Watu waliosoma huwa hawakosi jibu la haraka.

Mbula alikuwa binti wa Kikamba kutoka Machakos, aliyesomea historia ya sanaa hapo Sydney na kupata nafasi ambayo wenzake waliililia: miezi michache, kwa wanaoanza kazi, ya kuorodhesha kazi za wasanii waliohamia Australia kutoka Amerika ya Kusini. Hifadhi yenyewe ilikuwa ghala dogo chini ya jengo moja la ofisi, mtaa wa Parramatta. Akiimaliza orodha vizuri, angeajiriwa moja kwa moja.

Fungu lake lilikuwa vitambaa vya Eufemia, mama wa Kichile. Wanajeshi walimchukua mwanawe wa pekee na hakuonekana tena. Eufemia alikimbilia Sydney, na hadi anakufa alikuwa akishona picha juu ya magunia kwa vipande vya mashati aliyoyaacha kijana huyo. Katika kila kitambaa alikuwamo mwanawe huyo, hazidi ukubwa wa kidole, na kando yake mwanamke aliyejifunika shali nyekundu ya sufu.

Kabla ya kuwekwa rafuni, vitambaa vya zamani hukaa kwenye friza majuma mawili ili mayai ya nondo yafe. Ndiyo kanuni ya kazi. Mbula hakuipenda, na sababu hakumwambia mtu. Mama yake alikuwa amefariki mwezi uliotangulia, na hadi siku hiyo alikuwa mochari, akimngoja. Kwao maiti humngoja aliye ng'ambo, hasa akiwa kifungua mimba.

"Dada, wazee wanauliza," kaka yake Mbuvi alimwambia kwa simu jioni ile. "Tumzike lini?"

"Bado kidogo tu. Nikitoka sasa, hii contract atapewa mtu mwingine."

"Sawa. Lakini Mama yuko kwa baridi, Mbula."

Kesho yake ghala lilinuka sufu iliyolowa na moshi wa kuni. Jacky, msimamizi wake, hakusikia harufu yoyote, akapanda juu kwenye mkutano. Mbula akabaki peke yake na mngurumo wa friza.

Ndipo alipoisikia sindano. Ilikuwa ikitoboa gunia, ikivuta uzi, ikitoboa tena, polepole, mle ndani ya friza iliyofungwa, na sindano ikazidi kasi mpaka ikawa ni kucha zinazokwaruza chuma, na mfuniko ukainuka wenyewe, na katika mvuke ule mweupe akaonekana mwanamke mzee ameinama, mgongo kwake, shali nyekundu mabegani, akipapasa mifuko iliyoganda mmoja baada ya mwingine kama mtu anayemtafuta mtoto kati ya watoto waliolala. Hakugeuka. Alisema kwa Kikamba, lugha ambayo Eufemia hakuwahi kuijua, na kwa sauti ileile ya mama yake Mbula:

"Mtoeni mwanangu kwenye baridi."

Mfuniko ukaanguka. Mbula alilia mpaka Jacky alipoteremka, akamdanganya kuwa ni mafua.

Katika nyumba jirani na kwake, kule mtaa wa Rooty Hill, aliishi Mama Spéciose, Mrundi mtu mzima aliyehudumia wazee huko Westmead na kuongoza maombi kanisani. Mbula alimweleza yote, hata habari za mama yake aliyengoja mochari, akamsihi, naye akaja Parramatta shift yake ilipokwisha, bado amevaa sare ya kazi. Aliweka viganja juu ya friza, akaanza kukemea pepo kwa Kirundi. Katikati ya sala akanyamaza. Alipogeuka, macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Hii haitaki kufukuzwa," alinong'ona. "Kule kambini Tanzania tulifukuza mapepo mingi, mimi najua. Huyu ni mama tu. Unamugandishia mtoto."

"Ni kanuni ya kazi, Mama Spéciose."

"Sawa. Mais, lakini mama yako wewe, nani amemugandisha?"

Mbula alifungua friza, akautoa mfuko kabla ya wakati wake, akakilaza kitambaa mezani chini ya taa. Ukungu ukakauka. Kisha akampigia Mbuvi.

"Mtayarisheni. Nakuja."

Jacky alimpa pole ya kweli. Lakini orodha haingeweza kungoja, alisema, na nafasi ingepewa mwingine. Mbula aliitikia kwa kichwa. Aliipenda kazi ile, na iliuma.

Siku ya safari alipita ghalani kukusanya vitu vyake. Kitambaa kilikuwa palepale mezani. Simu ikaita. Mbuvi alikuwa akinong'ona.

"Dada, kuna mtu ulimtuma huku mochari?"

"Hapana. Kwani?"

"Tumekuja kumvisha Mama, tumempata amefunikwa shali. Nyekundu, ya sufu nzito. Mhudumu anaapa hakuna mtu ameingia. Na iko na joto, Mbula. Kila kitu humu ndani ni barafu, lakini hiyo shali iko na joto."

Mbula aliinamia kitambaa. Kijana wa Eufemia alikuwapo, na ukosi wake mdogo wa shati. Kando yake mwanamke alisimama mabega wazi, na pale ilipokuwa sufu palibaki matundu ya sindano, safu kwa safu.

Aliwalilia wale mama wawili bila kujificha. Kisha akakaa kwenye kompyuta, akaifungua orodha. Alikuwa ameandika: mwanamke aliyejifunika shali nyekundu. Orodha huandika kilichopo. Akaifuta shali, akazima kompyuta, akaenda kumzika mama yake.