Sauti ya Kiti cha Nyuma

Mjomba wangu alitumikia jeshi la anga miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo yote hakurusha ndege hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kiti cha nyuma. Kwenye ndege ya kivita ya watu wawili, wa mbele ndiye rubani. Wa nyuma anasoma rada, anatafuta shabaha kwenye kioo, analiongoza bomu mpaka lifike, na kila baada ya muda anageuza shingo kuangalia kama adui yuko mkiani. Mkewe alizoea kumtania, "Mume wangu ni konda wa ndege." Naye alikuwa na jibu lake: "Konda akisinzia, dereva anaua."

Asubuhi ile alinyoa ndevu, akanywa chai, akabishana kidogo na mkewe kuhusu bomba la jikoni lililokuwa linavuja, akaondoka. Kufika kikosini akakuta jina lake ubaoni. Alikuwa amepangwa kwenda kwenye mazoezi ya mabomu na rubani waliyemwita Chuma.

Chuma alikuwa na historia. Miaka miwili nyuma, wakati wa vita, ndege yake ilipigwa juu ya milima. Yeye alijirusha kwa mwavuli, akapona. Mtu wake wa nyuma akateketea na ndege. Huyo marehemu walimwita Mwalimu, maana nusu ya kikosi ilipita mikononi mwake, mjomba akiwemo. Mbele ya tume, Chuma aliapa kwamba Mwalimu alikuwa ameshakufa kwa risasi kabla hajamwacha. Wakamwamini. Akapandishwa cheo. Ila tangu siku hiyo alikuwa akikwepa kuruka na mtu nyuma yake, mpaka asubuhi hiyo alipoamriwa.

Wakiwa kwenye ngazi ya ndege, Chuma alimshika mjomba mkono.

"Huko nyuma sema ya kazi tu. Sitaki maneno mengine."

"Sawa, kamanda."

Viganja vya Chuma vilikuwa vimelowa jasho.

Walipaa saa nne, jua kali, mbingu haina hata wingu. Wakafika juu, Chuma akauliza kama kawaida kwenye vipokea sauti:

"Nyuma, uko?"

"Niko."

"Nimekusikia. Mbona unarudia?"

"Sijarudia, kamanda."

Kisha sauti ikasema, taratibu kabisa, "Kushoto, digrii thelathini." Ndege ikalala kushoto.

Mjomba hakuwa amefungua mdomo. Na sauti ile aliijua. Ilikuwa na kikohozi kidogo mwishoni mwa kila amri. Kwa sauti hiyo ndiyo alijifunza kazi.

"Kamanda, si mimi niliyesema hivyo."

Chuma alinong'ona, "Najua."

"Basi rudi kwenye njia!"

"Siwezi. Usukani haunitii."

Milima ile ya vita ilitokea mbele. Kwenye kioo cha mjomba, kamera ilianza kujisogeza yenyewe. Ikatafuta bondeni. Ikasimama. Ikavuta karibu. Palikuwa na vipande vya ndege iliyoungua, mkia umechomoza kwenye mawe. Alama ya shabaha ikajifunga pale, ikaanza kupiga mlio.

"Chuma," sauti ikasema. "Nilikuita mara ngapi?"

Harufu ikajaa ndani ya ndege. Nyama mbichi iliyobabuliwa. Mjomba alikuwa amevaa barakoa ya hewa, hakupaswa kunusa chochote.

Akahisi uzito mabegani. Mkono ukapita juu ya bega lake la kulia. Mweusi, umepasuka, mfupa unaonekana kwenye kiwiko. Mwingine ukapita juu ya bega la kushoto. Akatazama mikono yake mwenyewe. Ilikuwa magotini. Ile mingine ikarefuka, ikapenya ukuta wa mitambo kati ya viti kana kwamba hakuna kitu, ikamfikia Chuma.

Ikakamata kofia yake ya chuma. Ikampigiza kwenye kioo cha ubavuni. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu kioo kikapakaa damu. Chuma akapiga kelele. Vidole vikashuka shingoni, vikasokota mrija wa hewa, vikakaza.

"Mara ngapi?"

"Sijui!" Chuma alikoroma. "Nyingi! Ulikuwa hai! Ulikuwa unaniita, nikaogopa, nikashusha swichi..."

Mjomba alielewa. Kando ya kila kiti kuna mpini wa kujirusha, unaokifyatua kiti nje kwa roketi, na pembeni yake swichi ndogo. Swichi ikiwa juu, anayevuta mpini anawatoa wote wawili, wa nyuma kwanza, ili moto wa kiti cha mbele usimkaange. Ikiwa chini, anatoka peke yake. Mwalimu hakuuawa na risasi. Alichomwa na moto wa kiti cha mwenzake, akiwa amefungwa mikanda, anaita.

Ndege ikainamisha pua. Ardhi ikaanza kupanda.

Sauti ikamgeukia mjomba. Sasa ilikuwa ya upole, kama darasani.

"Shusha swichi, mwanangu. Toka. Mwache kama alivyoniacha."

Mjomba alitusimulia kwamba hapo ndipo alipoogopa kuliko pote, kwa sababu alitaka kutii. Chuma alikuwa anastahili. Nani angemlaumu? Mkono wake ulishagusa swichi.

"Hapana, Mwalimu," akasema. Alikuwa analia. "Sitoki peke yangu."

Mkono mmoja ukamwachia Chuma. Ukarudi nyuma. Ukashika kidole cha mwisho cha mjomba, ukakivunja.

"Shusha."

"Hapana."

Cha pili. Cha tatu. Kila kimoja kilitoa mlio kama kijiti kikavu. Mjomba akatapika ndani ya barakoa. Milima ilikuwa imeziba kioo chote. Akafumba macho, akauvuta mpini kwa mkono wa kushoto.

Dunia ikalipuka.

Alizinduka kwenye mawe, mwavuli umemfunika miguu. Hatua mia moja mbele alimwona Chuma amelala kifudifudi. Akatambaa mpaka kwake. Bado alikuwa anapumua, lakini shingo ilikuwa imegeuka vibaya, na macho yake yalitazama juu ya bega la mjomba.

"Mwambie mke wa Mwalimu," Chuma akasema. "Mwambie nilisikia."

Damu ikamtoka puani, akakata roho.

Mjomba aliifikisha salamu hiyo. Alipotoka hospitali, mkono ukiwa bado kwenye plasta, alikwenda kwa mjane wa Mwalimu akamweleza yote. Mama yule hakulia. Alimshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni, akamwomba asirudi tena. Jeshi nalo liliandika kwamba rubani alipoteza fahamu. Mjomba akaomba kuacha kazi, akakubaliwa bila swali hata moja.

Lakini kuna jambo ambalo hakulisimulia yeye. Alilisimulia askari wa helikopta ya uokoaji, siku moja alipokuja kumjulia hali, mjomba akiwa amelala chumbani.

Alisema waliposhuka bondeni walikusanya miavuli mitatu.

Ndege ilikuwa na viti viwili. Mwavuli wa tatu ulikuwa umetandazwa kwenye mchanga, kitambaa kimeungua kingo, bado cha moto. Mikanda yake ilikuwa imefungwa, vifungo vimekazwa, na ndani yake hapakuwa na mtu. Kutoka pale zilianzia nyayo za miguu mitupu. Zilikwenda moja kwa moja hadi alipokuwa ameketi mjomba, kando ya maiti, zikaishia mgongoni kwake.

"Tulizunguka eneo lote," askari akasema, akishusha sauti na kuutazama mlango wa chumbani. "Tulitafuta zilipoondokea. Hazikuondoka."