Ubao wa Mashua ya Neiva Umekwama

"Umetuuzia jeneza, Odilon. Tena jeneza lenye tanga."

"Jeneza? Mashua hiyo nimeiendesha miaka kumi na minne. Ilipotoka kwangu ilikwenda vizuri. Imefika kwako ndipo ikaanza kutembea kama kaa."

Neiva alishika kiuno. Mtaa mzima wa ufukweni, pale São Lourenço, ulikuwa umetoka nje na vibuyu vyake vya chai ya majani ili usipitwe na neno.

Asubuhi hiyo Neiva na mumewe Dirceu walipandisha tanga ziwani. Upepo ulipiga kutoka kulia, mashua ikateleza kushoto mpaka kwenye matete. Ubao wa katikati, ule unaoshuka chini ya mashua na kuizuia isisukumwe kando, ulikataa kushuka.

Na ilikuwa Alhamisi. Jumapili ni maandamano ya Bikira wa Mabaharia, sanamu yake ikipitishwa ziwani kwa mashua. Mama yake Neiva, Bi Alzira, alikuwa ameweka nadhiri: goti likipona, atamfuata Bikira ziwani kwa tanga la nyumbani kwao. Goti limepona.

"Panda mashua ya mtu yenye injini, Mama," Dirceu alimwambia.

"Sikuahidi injini," bibi akajibu.

Neiva akageuka. "Dirceu, lete nyundo. Nitaugonga mpaka ushuke."

"Iache nyundo ilipo," alisema Jurema, fundi wa mashua, akisukuma watu apite. "Ukigonga utapasua kasha ubao unamopita. Kasha likipasuka, mtaoga humo humo ndani. Tuilaze kwanza, tuangalie."

Waliilaza mashua ubavu juu ya matairi makuukuu. Jurema alimulika tochi kwenye mwanya wa chini. Akachokoa kwa kipande chembamba cha ubao. Ukatoka mchanga, vikatoka vipande vya kombe.

"Mkiivuta ufukweni, mnapandisha ubao wote kwanza?"

Dirceu alitazama miguu yake. "Nusu."

"Basi mnachota mchanga kama koleo. Pandisheni wote. Na kila mkirudi, mwagieni maji safi hapa kwenye mwanya."

Lakini ubao haukutikisika.

"Mmeona?" Neiva alisema. "Ameniuzia ubao uliopinda."

Jurema alifungua boliti inayoushikilia ubao, na watu watatu wakauvuta. Ukatoka ukilalamika, unang'aa, buluu kama joho la Bikira.

"Nani kaupaka rangi?" Jurema aliuliza.

"Mimi," alisema Neiva. "Ni sikukuu. Kila mtu anapaka chombo chake."

"Umepaka mara ngapi?"

"Tano."

"Tano, dada yangu?"

"Kwa Bikira, nipake mara moja? Angenionaje?"

"Na chini ya maji nani anauona?"

"Yeye anauona," Bi Alzira alijibu kutoka dirishani, na mtaa mzima ukacheka.

Jurema alicheka pia, kisha akawaonyesha. "Kila upande wa ubao panatakiwa nafasi ya unene wa sarafu. Rangi imekula nafasi yote, mchanga ukamalizia. Ubao haujapinda hata kidogo."

Neiva alihisi masikio yanawaka. Akachukua kikwangulio, akaanza kukwangua. Muda si mrefu akasikia msasa unafanya kazi upande wa pili wa ubao. Alikuwa Odilon.

Ijumaa walipaka vanishi mara mbili, nyembamba, ili mbao zisinywe maji na kuvimba. Jumamosi Jurema alifunga boliti na mipira mipya ya kuzuia maji. Dirceu akalegeza kamba, na ubao ukashuka wenyewe.

Jumapili upepo ulipiga kutoka kulia tena. Safari hii mashua ilikwenda moja kwa moja nyuma ya Bikira. Bi Alzira alikaa mbele na maua mapajani, akiwafokea wenye injini wapunguze kelele.

Waliporudi, nyumba ya Neiva ilijaa watu na moshi wa samaki wa kuchoma. Neiva alimwona Odilon nje ya geti, akijifanya anakagua nyavu za jirani. Akamfuata.

"Odilon, kosa lilikuwa langu."

"Mtaa mzima unajua."

"Basi wajue na hili. Kiti chako kiko karibu na Mama, na wali unapoa. Ingia ule."