Magunia ya Nyota ya Lindi

Asubuhi ile Noëlla alikuwa anapiga deki kwenye ghala moja huko Edmonton, bastola yake ya Glock imelala ndani ya ndoo, chini ya matambara.

Nani humtazama msafishaji?

Hakuna. Ndiyo maana idara ya upelelezi ilimtuma yeye.

Hatua kumi mbele yake, vijana wanne wa Kanali Voss walikuwa wanashindilia vyuma vya makombora ndani ya magunia ya mbaazi. Kumi na mawili. Kisha wanayalowesha maji ya chumvi.

Alaa!

Wiki tatu nyuma, nyambizi ya nchi ya Voss iliizamisha Nyota ya Lindi, meli ya mizigo isiyofungamana na upande wowote vitani. Mabaharia kumi na tisa walikwenda nayo. Mmoja alikuwa Fortunat, kaka yake Noëlla. Leo saa sita mchana Voss angeyafikisha magunia mbele ya tume ya uchunguzi, adai yameopolewa baharini. Marehemu waitwe wasafirisha silaha, na kesi ife.

Thubutu!

Akaivuta Henry, ile mashine ya kufyonza vumbi yenye uso. Jicho la kushoto lilikuwa kamera.

Klik. Picha zikaruka mpaka Kingsbury, ng'ambo ya jiji, kwa mzee Kanti, mwenye shehena iliyozama.

Kidude cha sikioni kikanong'ona.

"Binti, nani amepaka hii magunia yote kumkum?"

"Huo unga mwekundu wa ibada? Si alama yako, mzee?"

"Yangu, ndiyo! Lakini napaka gunia moja tu, ile ya kwanza. Na hiyo haipandi meli hata siku moja, inaenda hekaluni! Hawa walikuja dukani wakapiga picha ile moja, sasa wamepaka dazeni nzima. Wajinga kabisa!"

"Utayasema hayo mbele ya tume?"

"Nimeshavaa koti, mama."

"Unaongea na nani?"

Voss. Nyuma yake. Bastola mkononi.

"Na bosi wangu. Anasema sakafu yenu inanuka."

Teke moja. Ndoo ikapinduka. Maji ya sabuni yakasambaa, Voss akateleza, akaanguka chali, pu! Bastola yake ikaenda zake uvunguni mwa rafu. Glock ilikuwa tayari mkononi mwa Noëlla.

"Atakayejikuna namlipua!"

Wale wanne wakaganda.

"Telesphor, ingia," akamwambia mkuu wake redioni.

"Wangapi?"

"Watano. Mmoja kalowa."

Mlango ukavunjwa. Voss akacheka akifungwa pingu. "Vibaharia vya nchi maskini. Nani atavikumbuka?"

"Mimi. Majina yote kumi na tisa, kwa kichwa. Nikuanzie?"

Askari wakamburuta nje.

Saa saba kasoro, mzee Kanti alitoka mbele ya tume akiwa amekohoa, amefoka na ameonyesha barua ya hekalu ya kupokea lile gunia la kwanza. Magunia, aliyoyafikisha Telesphor pamoja na picha, yalikataliwa kuwa ushahidi. Nyota ya Lindi ilibeba mbaazi, basi.

Noëlla hakungoja pongezi. Alifika kituo cha basi anaburuta Henry, akatoa simu, akaandika kwenye namba ya Fortunat:

"Kaka, wameshindwa. Jina lako safi."

Akatuma.

Tiki moja ya kijivu; ya pili haikuja.

Basi likaja, akapanda.