Feza Iliyotoka mu Wavu

Rafiki yangu Kadiri, fundi wa nguo wa Gisenyi, alikuwa na sarafu za feza za wafalme wa zamani wa Bulaya kupita wafalme wenyewe. Mwaka wa hamsini na tano, muvuvi Mbonigaba akamuletea ingine, iliingia mu wavu.

"Muzee, mi silali tangu niivute. Mwenyewe anakuja kuidai kila usiku. Tuirudishe mu ziwa."

"Wapi! Hii ndiyo nilikuwa nakosa. Mi Kadiri niogope kichwa ya mufalme wa kufa?"

Mbonigaba akaenda zake. Mvua ikafunika duka, giza tupu. Kadiri akagonga sarafu kwa jiwe, maana feza ya kweli inaliaka. Kimya. Sauti ikatoka kule ziwani: nginnn!

Akagonga tena. Ikalia mulangoni.

"Ingia basi! Siitoi!"

Akagonga. Ikalia nyuma yake. Kadiri akakaza ngumi, hakugeuka. Maji ya baridi ikadondoka kwa shingo yake: to, to, to.